Maji, machungwa na mkalimani: maisha ya Pedro Claver



Katika ripoti yetu iliyopita kulikuwa na mstari mmoja ulioleta maswali. Ni ule wa mapokezi: maji ya kunywa, machungwa, mikeka, na nauli ya wale wanaotusaidia kutafsiri siku boti inapofika. Mfadhili mmoja alituuliza kwa upole kwa nini hela hiyo isiongezwe kwenye bashi na mbegu. Na tuseme ukweli, hata kati yetu wenyewe wako waliosema hivyohivyo kwenye mkutano, eti njaa haingoji salamu. Jambo hili litaamuliwa kwenye mkutano mkuu. Tungeweza kujibu kwa hesabu, lakini tumeona afadhali tusimulie maisha ya mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 350 iliyopita, ambaye kazi yake yote ilikuwa hiyo: kwenda kando ya maji kupokea watu ambao hakuna aliyewahesabu kuwa watu.

Katika maparokia yetu anaitwa Mtakatifu Petro Klaver. Ndugu zetu Waprotestanti na Waislamu watuvumilie. Chama si cha dini moja, na huyu mtu tunamsimulia kwa sababu ya matendo yake.

Pedro Claver alizaliwa mwaka 1580 huko Verdú, kijiji cha Katalunya katika Hispania, kwa watu wa mashamba. Alisoma Barcelona, na mwaka 1602 akaingia shirika la Wayezuiti. Utoto wake hautupi mengi. Mambo yanaanza kuvutia mwaka 1605, alipotumwa kusoma falsafa katika kisiwa cha Majorca, mji wa Palma. Pale kwenye koleji yao hakuvutwa sana na waalimu. Aliyemvuta alikuwa bawabu.

Bawabu huyo aliitwa Alonso Rodríguez. Zamani alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Segovia, ana mke na watoto. Wote wakamfia, biashara nayo ikaanguka. Akaja kuingia utawa akiwa mtu mzima, bila masomo makubwa, wakampa mlango. Basi yule mzee alijizoeza jambo moja: kila mlango ulipogongwa, alikwenda kufungua kama vile Bwana Yesu mwenyewe ndiye amesimama nje. Akiwa tajiri, akiwa mwombaji mwenye vidonda, ni mwendo uleule, ni uso uleule. Miaka na miaka. Claver alikuwa kijana wa kusitasita, hajui aende wapi, na jioni alikuwa anakaa na yule mzee kuzungumza. Mzee njo alimsukuma: aende ng'ambo ya bahari, kwenye nchi ambako watu walikuwa wanaangamia na hakuna anayewafungulia.

Mwaka 1610 akapanda meli kutoka Sevilla. Akafika Cartagena, bandari ya nchi tunayoiita leo Kolombia. Akapelekwa kwanza bara, Bogotá na Tunja, kumaliza masomo, kisha akarudi Cartagena na kupadirishwa tarehe 19 Machi 1616. Hakurudi tena kwao. Alikaa pale mpaka kufa.

Cartagena wakati ule ilikuwa moja ya milango mikubwa iliyoruhusiwa kuingiza watumwa katika makoloni ya Hispania. Wafanyabiashara Wareno walileta meli kutoka pwani ya Guinea, na zaidi na zaidi kutoka Luanda. Katika zile za Luanda walikuwemo watu wa Ndongo na watu wa Kongo. Hapa tusichanganye mambo: sisi wa kandokando ya Tanganyika, njia yetu ya machozi ilielekea mashariki, Ujiji mpaka Bagamoyo na Zanzibar. Lakini wale waliopitia Luanda ni ndugu zetu wa upande wa magharibi. Ufalme wao ulikuwa wa Kikristo tangu 1491, na mfalme wao Afonso, Mvemba a Nzinga, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba biashara hii inamaliza watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake wanabebwa. Kwa hiyo kati ya waliofika Cartagena uchi na wamefungwa, wengine walitoka katika nchi iliyokuwa imebatizwa karne nzima kabla ya padri huyu kuzaliwa, karibu hivyo. Waliomnunua na waliouzwa walisali kwa Mungu mmoja. Tukifika hapo katika kusimulia, wazee wetu hunyamaza kidogo.

Aliyemfundisha Claver kazi si askofu wala gavana. Ni Myezuiti mwenzake, Alonso de Sandoval, aliyekuwa ameanza kwenda kwenye meli kabla yake. Sandoval alikuwa mtu wa kuuliza maswali na kuandika. Kitabu chake juu ya Waafrika, mataifa yao na lugha zao kilichapwa Sevilla mwaka 1627. Katika kuuliza kwake aligundua mambo mawili ambayo sisi tumeyaona kwa macho yetu kwa namna nyingine.

La kwanza ni uvumi. Watu wengi kwenye zile meli waliamini kwamba Wazungu wanawapeleka kuwaua, wawatoe mafuta. Hakuna aliyewaambia wanakwenda wapi, basi woga ukajaza mwenyewe ile nafasi. Wengine walijiacha wafe njiani kwa sababu hiyo. Na yale maji waliyomwagiwa kule Luanda, ambayo mapadri waliyaita ubatizo, wengi hawakuelezwa kitu; walidhani ni alama tu ya kuuzwa, au dawa ya huyo mzungu.

La pili ni kiu. Sandoval aliona kwamba mtu ambaye ulimi umekauka hasikii. Unaweza kumwambia habari za mbinguni, anaangalia mtungi. Basi akaweka utaratibu: kwanza maji ya kunywa, maji baridi mengi, na mengine ya kunawa uso, ndipo maneno.

Claver alichukua utaratibu huo akaufanya maisha yake. Aliahidi kumwombea misa yeyote atakayekuwa wa kwanza kumpa habari kwamba meli ya watumwa imeonekana. Watu wakawa wanashindana kumkimbilia. Na wakati meli haipo, alikuwa anazunguka mji kuomba: machungwa, malimau, biskuti, tumbaku, pombe kidogo ya kuamsha aliyezimia, nguo kuukuu. Alikuwa na stoo yake. Meli ikitia nanga, yeye hakungoja washushwe, alipanda mashua akawafuata humohumo ndani, kwenye harufu ambayo mabaharia wenyewe waliikimbia.

Kuna barua yake moja ya mwaka 1627 iliyobaki, na tunaomba mutuvumilie tukae hapo kidogo. Siku moja kabla, tarehe 30 Mei, watu wengi walikuwa wameshushwa kutoka meli kubwa. Claver na wenzake walikwenda na vikapu viwili vya machungwa, malimau, biskuti na vitu vingine. Wakaingia kwenye vile vibanda walimofungiwa. Ilibidi kusukuma kupita katikati ya watu mpaka kuwafikia wagonjwa, waliokuwa wamelazwa chini kwenye tope. Mtu fulani alikuwa amejaribu kumwaga vipande vya vigae na matofali ili wasizame, na hicho njo kilikuwa kitanda chao, nao uchi. Wakavua majoho yao. Wakaenda kutafuta mbao, wakatandika sakafu, wakawabeba wagonjwa mikononi mmoja mmoja. Wawili walikuwa wamekwisha kuwa baridi, mapigo ya moyo hayasikiki. Wakaleta makaa, wakayaweka karibu nao, wakatupa juu yake vitu vya kunukia, wakawafunika kwa yale majoho, maana hapakuwa na kitu kingine. Kidogo kidogo joto likarudi. Wale wawili wakafungua macho wakawaangalia. Claver anaeleza kwamba siku ile walisema nao kwanza kwa mikono, kwa sababu watu hawa waliamini wameletwa kuliwa, na hotuba yoyote ingekuwa bure.

Ndipo wakalimani wakaingia kazini. Na hapa sisi tuna neno letu.

Ukitazama picha za mtakatifu huyu makanisani, utaona padri amesimama, mtu mweusi amepiga magoti. Mkalimani hachorwi. Lakini bila mkalimani Claver alikuwa bubu. Katika meli moja kulikuwa na lugha nyingi ambazo yeye hakuzijua. Mwanzoni aliwaazima watumwa wa mjini wanaojua lugha hizo, mabwana zao wakalalamika kwamba wanapoteza siku za kazi. Sandoval alikuwa na daftari, majina kwa mpangilio wa alfabeti: nani anajua lugha gani, anakaa nyumba ya nani. Baadaye koleji ya Wayezuiti ikanunua wakalimani wake wenyewe. Ndiyo, ikawanunua. Walikuwa watumwa wa nyumba.

Mmoja aliitwa Andrés Sacabuche, mtu wa Angola. Mwingine walimpa jina la Calepino, jina la kamusi maarufu ya wakati ule, kwa sababu alijua lugha kumi na moja. Hebu fikiri mtu huyo: ameshushwa kwenye bandari ile akiwa na minyororo, anajua ile harufu, anajua ule woga wa kutolewa mafuta, na sasa anarudi kwenye meli nyingine, na nyingine, mwaka baada ya mwaka, kumwambia mgeni kwa lugha ya mama yake kwamba hapana, hawatakuua. Kila safari alikuwa anarudia siku yake mwenyewe. Claver alipokufa na Kanisa lilipoanza kuuliza mashahidi, Andrés Sacabuche alisimama akaeleza kwa urefu jinsi kazi ilivyofanyika: vikapu, maji, jinsi ya kuwapanga watu, nani alisema nini. Claver mwenyewe aliandika kidogo sana. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu yake imetoka kinywani mwa mtumwa aliyefanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo sisi katika chama, tukimtaja Petro Klaver, tunamtaja na Andrés.

Kazi haikuishia bandarini. Waliouzwa mashambani na migodini aliwafuata kila mwaka baada ya Pasaka, na akifika kwenye shamba alilala kwenye vibanda vya watumwa, si nyumbani kwa bwana. Kanisani, kwenye kitubio chake, watumwa walitangulia. Mabibi wa Kihispania waliotaka kuungama kwake walielezwa kwamba kiti chake ni chembamba, hakiwezi kuingia sketi zao kubwa. Wakipenda wangoje masikini wamalize. Walikasirika. Wengine walilalamika kwamba kanisa linanuka tangu watu hao waanze kuingia. Wengine walingoja kweli.

Nje ya mji kulikuwa na hospitali ya San Lázaro, ya wakoma, mahali ambapo familia ziliacha mtu wao na kugeuka nyuma. Claver alikwenda mara kwa mara, akiwakumbatia, akiwafunika kwa joho lake lilelile lililofuliwa mara nyingi kwa siku moja. Lakini sisi linalotugusa zaidi ni sikukuu. Siku za sikukuu aliomba chakula kizuri kwa matajiri, akakipeleka San Lázaro, na pamoja nacho wapiga muziki. Wakoma wakala chakula cha sherehe, vyombo vikipigwa. Kumpa mgonjwa dawa, hilo hata serikali inaweza. Kumwekea muziki ni jambo lingine. Ni kumwambia kwamba kuwapo kwake kunaleta furaha.

Na bado hatutaki kumpaka sukari. Mtu huyuhuyu aliyepeleka muziki kwa wakoma, mashahidi walieleza pia kwamba alitembea usiku na mjeledi kutawanya ngoma za Waafrika mjini, akazichukua zile ngoma, na wenyewe wakalazimika kulipa sadaka ili wazipate. Aliona dhambi katika kitu ambacho kwa watu wale pengine kilikuwa mabaki pekee ya nyumbani. Hakusema kamwe hadharani kwamba biashara yenyewe ni haramu. Alipokea watu mlangoni pa jehanamu bila kubomoa mlango. Haikuwa kwamba wazo hilo halikuwezekana kwa mtu wa karne ile: mwaka 1681 huko Havana, Wakapuchini wawili, Francisco José de Jaca na Epifanio de Moirans, walihubiri kwamba watumwa lazima waachwe huru na walipwe kazi yao, wakakamatwa. Claver hakufika huko. Tulibishana juu ya hili katika komite, na mama mmoja akauliza kama kuna faida kumsifu mtu aliyenyang'anya ngoma. Hatukumpata jibu la kumtuliza. Tumeamua tu tuyaandike yote mawili.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1650 ugonjwa wa mlipuko uliingia Cartagena, ukampata. Hakufa, lakini mwili ulivunjika. Mikono ikawa inatetemeka, akashindwa kusoma misa, akashindwa hata kujilisha. Miaka minne akakaa chumbani. Mji ukamsahau. Koleji ilimpa kijana mmoja mtumwa, Manuel, amtunze; na Manuel alikula sehemu nzuri ya chakula cha mzee, akamvuta ovyo wakati wa kumvalisha, siku nyingine akamwacha bila kitu. Claver hakumshitaki. Baadhi ya vitabu vinamlaani sana Manuel. Sisi tunasita. Kijana aliyenyimwa kila kitu akapewa amri ya kumpenda mzungu mgonjwa. Hatujui ni nani kati yetu angefanya vizuri.

Akafa tarehe 8 Septemba 1654. Habari zilipotoka, mji uliomsahau ukakumbuka kwa kishindo: watu wakavamia chumba, wakachukua kila kitu kama masalia. Wakubwa wa mji wakalipa maziko. Na watu weusi wa Cartagena, pamoja na Wahindi wa pale, wakapanga misa yao wenyewe.

Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Januari 1888, pamoja na Alonso Rodríguez. Padri na bawabu wake, siku moja. Mwaka uleule, Kardinali Lavigerie alikuwa anazunguka Ulaya kuhubiri juu ya biashara ya watumwa iliyokuwa inaunguza nchi zetu hizi za Tanganyika, ambako Mapadri Weupe wake walikuwa wamefika tangu 1879. Kwa njia hiyo jina la Claver likaletwa mpaka kwetu.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa ripoti.

Walio wengi kati yetu tumeshuka kwenye boti. Tunajua ile dakika ya kwanza. Unashuka na bidoni, sufuria na watoto waliozaliwa kambini ambao nchi hii wanaijua kwa hadithi tu. Kichwa kimejaa maneno ya njiani: eti mashamba yamechukuliwa, eti majina yaliyochelewa hayatapokelewa, eti wanaotoka ng'ambo watapigwa. Mtu mwenye karatasi anakuita kwa haraka, bibi yako anayejua Kibembe tu haelewi, anaona aibu, anaitika ndiyo kwa swali asilolisikia. Wako wazee walioandikwa kijiji kisicho chao kwa ajili ya ile ndiyo moja, na kukisahihisha kumewachukua miezi. Baadhi yetu tulipita pale bila mtu kututazama usoni. Wengine walipewa kikombe cha maji na mama mmoja ambaye hata leo hawamjui jina, na wanamsimulia yeye kuliko msaada wote uliofuata.

Bashi tunazitaka. Mbegu tunazitaka sana, msimu hautungoji. Komite haipingani na hilo, na hesabu za pande zote mbili zitasomwa kwenye mkutano mkuu, franga kwa franga. Tunaloomba ni kwamba mkipiga kura mufahamu hela ile inanunua nini: maji kabla ya karatasi, mkeka kwa mwenye kushindwa kusimama, na mtu wa kusema na bibi kwa lugha yake kabla hajaitika.

Daftari letu la wakalimani liko kwa katibu. Kwa Kibembe tuko na watu wa kutosha. Kwa Kifuliru tuko na mmoja tu, na ana mimba ya miezi saba. Kwa lugha ya alama hatuna yeyote, na boti iliyopita ilikuwa na kijana kiziwi aliyekaa juu ya mzigo wake mpaka jioni. Anayeweza, au anayemjua anayeweza, aje aandikishe jina lake. Na wenye machungwa shambani, ijumaa tunapita na vikapu.